Ndege Mwekundu wa Mama Mkwe

Tulipomleta mama mkwe aishi nasi Kipalapala, alikuwa ameanza kusahau. Alitia chumvi mara mbili kwenye mboga, na siku nyingine aliniita jina la binti yake aliyeolewa Urambo. Mume wangu alifanya kazi Kaliua, akija nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hiyo tulishinda wawili tu.

Asubuhi moja nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Alikuwa ameukazia macho mkuyu ulio nyuma ya jiko.

"Ndege mwekundu anatumalizia makuyu."

Nikatazama. Ndege alikuwepo kweli, mkubwa, akikimbia juu ya matawi kama kindi. Lakini alikuwa mweusi wa kuelekea zambarau, mdomo wa njano.

"Mama, mbona huyo mweusi?"

"Mwekundu kama damu. Wewe unatazama wapi?"

Nikampigia mume wangu simu. Akasema mama apimwe macho. Nikampeleka mjini. Daktari akamwonyesha rangi, naye akazitaja zote bila kukosea. Nilirudi nimechanganyikiwa kuliko nilivyoondoka. Sasa nilianza kuyashuku macho yangu mwenyewe, hata nikawa naitazama kanga yangu nyekundu kwenye kamba, nione kama bado ni nyekundu.

Siku chache baadaye nilikuwa nachochea moto pale nje, ndege akaruka kutoka mkuyuni akapita juu ya paa. Mabawa yalipofunguka, yalikuwa mekundu, mekundu ya kung'aa. Nilipiga kelele.

"Mama! Nimemwona! Kumbe wekundu wake anauficha, akikunja mabawa huuoni!"

Akatoka, akamtazama ndege akitua ng'ambo ya shamba.

"Yule? Yule ni shorobo. Tumekua nao. Mimi nasema ndege mwekundu."

"Si ndiye huyo huyo, mama?"

"Siye." Akanishika bega taratibu, kana kwamba mgonjwa ni mimi. "Kama humwoni, mwanangu, usijisumbue."

Nikamuuliza basi wake yukoje. Akaeleza kishungi, mkia mrefu, sauti ya kukoroma kooni. Kila kitu kilikuwa cha shorobo, ila wake alikuwa mwekundu mwili mzima, na alifika kabla ya wenzake.

Mume wangu aliporudi alisema, "Mkubalie tu, yaishe." Sikuweza. Kukubali ilikuwa kumdanganya, na kukataa nilishakosa ujasiri. Nikaanza kuamka mapema, nikakaa na mama mlangoni tukinywa uji. Mara nyingine alininyooshea kidole, "Huyo hapo," nami nikaona majani yakitikisika, basi.

Alifariki masika yaliyopita. Makuyu yameiva tena na mashorobo wamekuja. Kila alfajiri natoka na kikombe changu kabla hawajafika. Mume wangu ananiuliza natafuta nini, nami nazidi kuyakazia macho majani ya mkuyu.