Viazi Vilivyonukia Harusi

Enzi zetu sisi, oveni ilikuwa kabati. Msicheke, wenzangu mliokulia Garissa, maana najua kwenu mambo yalikuwa yale yale. Jiko letu la gesi baba alilinunua kwa ofisa wa bara aliyehamishwa, likaja nyumbani juu ya mkokoteni wa punda huku mtaa mzima ukitazama, na tangu siku hiyo kazi yake kubwa ikawa kuonekana. Juu tulichemshia chai. Ndani ya oveni mama aliweka sukari ili sisimizi wasiifikie, sufuria za Idd, mkebe wa buni, na vitu vyake vingine ambavyo watoto hatukutakiwa kuvijua. Chakula chenyewe kilipikwa uani, kwa mkaa, na hakuna aliyelalamika.

Wajukuu zangu wakija likizo kutoka Nairobi, wanaoka viazi kwa mashine inayopiga kengele yenyewe. Kiazi kinajipika, mtoto amelala kwenye kochi, na kikiiva anajipiga picha nacho kwa kazi kubwa aliyofanya. Nawaonea huruma. Kubonyeza kitufe siku nzima kunachosha mwili.

Sisi tulifundishwa, tena kwa vitisho. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, lakini sisi tulifunzwa na Eeddo Safiya, dada yake baba, ambaye alirudi kutoka shule ya bweni akiwa na kitu kinachoitwa sayansi kimu. Alikuwa mtu wa kwanza katika ukoo wetu kujua kwamba mlango ule wa chini unafunguliwa kwa ajili ya kupika. Kwa siku kadhaa hakukalika. Alitutazama kama watu wa pangoni.

Lakini hakutufundisha kuoka kwa ajili ya kujionyesha tu. Mwaka ule ukame ulikuwa umemaliza ngamia kule Hadado, na baba alikuwa amemleta mama yake, bibi yetu, ambaye tulimwita Ayeeyo, kuishi nasi mjini. Ayeeyo alifika na fimbo, kibuyu cha maziwa kilichokauka, na ukimya. Aliketi kwenye mkeka uani, uso ameuelekeza ukutani, na hakula. Anjera alirudisha. Wali alirudisha. Nyama alisema ni ya mnyama asiyemjua. Chai alikunywa kidogo, akasema maziwa ya mjini ni maji yaliyoonyeshwa ng'ombe. Kuhusu viazi alikuwa na neno moja tu: "Mimi sili kitu kinachochimbwa na ngiri."

Watu wazima walisema atazoea. Sisi watoto, tuliokuwa tukimpelekea sahani na kuzirudisha, tuliona mikono yake ikizidi kuwa myembamba. Nilimsikia mama akimwambia baba kwamba mama yake anakufa kwa njaa katika nyumba yenye chakula. Baba alitoka akaenda msikitini, na haikuwa saa ya swala. Nilikuwa mdogo, lakini nilielewa, na niliogopa sana.

Basi Eeddo akaamua. Kule kwao porini, alisema, mama yake alizoea vitu vilivyopitiwa na moto na moshi, hata maziwa hayakutiwa kwenye kibuyu kabla kibuyu hakijafukizwa kwa kaa la moto. Akitengenezewa kiazi kilichookwa na ganda lake, kikapakwa samli, huenda akakitambua kuwa chakula. Mimi na kaka yangu Abdi tukaitwa jikoni, mama akiwa kazini, tukasimamishwa mikono nyuma kama tuko paredi.

Masomo yalianza. Kiazi kinaoshwa mpaka maji yawe safi, wala hakimenywi. Kinachomwa matundu, ama sivyo kitapasuka na kuua mtu. Uma hatukuwa nao, tukatumia mwiba wa mgunga. Kinapakwa samli na chumvi, kila upande, na vidole vyako usivilambe. Kiberiti kinawashwa kwanza, gesi inafunguliwa baadaye, na atakayegeuza mpangilio huo ataonana na malaika. Abdi, ambaye alikuwa akisema hataki kazi za wanawake, alisikia habari za gesi na moto akawa mwanafunzi bora kabisa.

Tulitoa sukari, tukatoa sufuria, tukatoa buni. Eeddo mwenyewe alichungulia ndani akatangaza kuwa pametakata. Sayansi kimu ilikuwa imemfundisha mambo mengi, ila haikumfundisha jinsi mwanamke wa Kisomali mwenye mawifi anavyoficha uunsi wake. Mama alikuwa ameusukuma mkebe wa uunsi hadi nyuma kabisa, chini ya bati la chini, kwa sababu wifi yake mmoja, simtaji, alikuwa na tabia ya kuazima uunsi na kusahau kurudisha. Uunsi mzuri, ule uliopikwa na uvumba na sukari na manukato, unaofukizwa nyumbani kwa bibi harusi mpaka kuta zinukie mwezi mzima.

Tukawasha. Tukangoja. Mara jikoni pakaanza kunukia, kwanza vizuri, kisha vizuri kupita kiasi. Moshi ukatoka kwenye mlango wa oveni, mweupe na mtamu, ukajaa nyumba, ukamwagika uani. Korongo waliokuwa juu ya mti wa jirani waliruka. Eeddo alizima gesi huku akisoma kila dua aliyoijua. Viazi vikatolewa, vimeiva barabara, na vinanukia fungate.

Eeddo alikaa chini sakafuni akasema yote yameharibika. Uunsi umeteketea, viazi haviliki, na wifi yake atamla yeye badala yake. Ndipo tukasikia sauti kutoka uani, sauti ambayo hatukuwa tumeisikia kwa siku nyingi.

"Nani anaolewa?"

Tulitoka mbio. Ayeeyo alikuwa ameugeuzia ukuta mgongo. Pua yake iliinuliwa, na macho yake yalikuwa yanatafuta. Abdi, mtoto asiye na haya, alimwekea sahani mbele yake akasema bado hajapatikana, lakini chakula kiko tayari. Ayeeyo alikipasua kiazi kwa mikono, akakinusa kwa muda mrefu, akaitisha samli zaidi. Akala. Alikula akisimulia harusi yake mwenyewe, ngamia waliotolewa, na jinsi mama mkwe wake alivyokuwa mchoyo wa uunsi. Mama alirudi kutoka kazini akamkuta katikati ya kiazi cha pili. Alienda jikoni, akaushika mkebe ule mweusi, akalia, na mawifi wote wa dunia hawakumjia akilini.

Haya, tuje kwa vijana wa leo. Wiki iliyopita mjukuu wangu Ifrah alioka viazi. Havikuungua, havikunukia chochote, vyote vimelingana kama vimetoka kiwandani. Alivipiga picha pande zote, na mimi nikamwambia kwa ulimi wangu huu kwamba enzi zetu mtu alipika kwa sababu kuna mwenye njaa, si kwa sababu kuna simu. Nikamuuliza hivi vyote amempikia nani.

Aliweka simu kando, akachagua kiazi kimoja, akakipasua, akakipaka samli, akanisogezea sahani mpaka ikagusa mkono wangu.

"Wewe, Ayeeyo. Tangu babu yetu Awowe afariki huli. Unadhani hatuoni?"

Wallahi nilikuwa na maneno mengi ya kusema kuhusu vijana hawa. Nikafunga mdomo, kisha nikaufungua, nikala.