Hukumu ya Majaruba ya Tinde

Lusia, ambaye watu wa Tinde humwita Mama Edson, alishinda kesi ya majaruba yake ya mpunga na hakuwahi kuyachukua. Hukumu ilipotoka, mpunga wa Amosi, jirani aliyeshindwa, ulikuwa tayari na masuke. "Avune kwanza," Lusia alisema. Msimu uliofuata mumewe akalazwa hospitali ya Kolandoto. Baada ya kumzika, hakuwa na moyo wa kugombana na mtu.

Miaka kumi na mitano baada ya hukumu wakaja wapimaji, ili wenye mashamba wapate hati. Lusia akatafuta nakala ya hukumu, akaipeleka ofisi ya ardhi.

Ofisa mmoja, Kudra, aliisoma yote. "Mama, hukumu haijafutwa. Ila hukuikazia. Muda wa kuiomba mahakama ikukabidhi shamba ni miaka kumi na miwili."

"Kwani hukumu nayo inazeeka?"

"Inabaki. Inayokwisha ni nafasi ya kuitekeleza kwa nguvu ya mahakama."

"Sasa majaruba ni ya nani?"

Kudra alikuna shavu. "Hukumu inasema ni yako, anayelima ni yeye. Penye mgogoro hatuandiki hati. Nendeni mkazungumze."

Njiani Lusia aliisubiri hasira, haikuja. Alikuwa akijiuliza: Amosi alijua? Kama alijua, mbona kule hajajenga hata kibanda?

Alipitiliza hadi kwa Amosi. Mkewe, Eunice, alikuwa akianika michembe, vipande vya viazi vitamu, uani.

"Baba Loveness, ile kesi yetu unaikumbuka?" Lusia alimwuliza Amosi.

Amosi alimsogezea kigoda. "Nitaisahauje? Kila nikisia mbegu nasema, mwaka huu Mama Edson atakuja na watu wa mahakama. Ningejengaje?"

"Wameniambia muda wangu ulishapita. Yapata miaka mitatu."

Mume na mke wakatazamana.

"Basi miaka mitatu tumeogopa bure," Eunice alisema taratibu.

Lusia alicheka bila kutaka, na Amosi akamfuata.

Mazungumzo yenyewe hayakuwa mepesi. Amosi kwanza alitaka yote, akanuna akaondoka, kisha akarudi. Eunice ndiye aliyemkumbusha mavuno waliyoachiwa. Mwishowe majaruba ya juu, yanayopata maji mapema, yakawa ya Lusia; ya chini yakabaki kwa Amosi. Wakaweka saini mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na wapimaji wakasimika mawe ya mpaka. Msimu huo Lusia alipanda mpunga wake, na Eunice alikuja kumsaidia kung'oa miche ya kupandikiza.