Mateka wa Mwalimu Hilari

Jamani, aibu hii naisimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine, maana Lindi nzima wanaijua na wao huongeza chumvi.

Mwalimu Hilari alitufundisha Kilatini seminarini, kule juu kwenye uwanda wa Makonde. Upadri ulinishinda, lakini mwaka ule baba alipokosa ada ni yeye aliyenilipia, kimyakimya, wala sikuwahi kumshukuru. Basi wanawe walipomfanyia sherehe ya kutimiza miaka themanini pale Lindi, nikatoka Kilwa Masoko na suti yangu, nia moja tu, kusema asante.

Kosa langu lilikuwa dogo: nikaamua kuisema kwa Kilatini. Na kichwani (nilikikuna weee) kilikuwa kimebaki kile kipande alichotukaririsha mvua ikipiga bati, sisi tumejitanda mablanketi, na ningetoa chochote niisikie tena sauti yake ya siku zile: captivus, mateka, servus, mtumwa, nexus, aliyejifunga kwa deni, addictus, mdeni aliyekabidhiwa kwa anayemdai. Nikashika maiki, nikayataja moja moja na maana zake, nikamalizia kwa madaha, "Mwalimu, mimi ndiye addictus wako, nifanye utakavyo!"

Nilisahau kwamba mbele yangu walikaa watani zake.

"Mmesikia? Kakiri mwenyewe!" Bi Somoe, mkubwa wa watani, akaruka, na kabla sijashusha maiki mikono imeshafungwa kanga, nimeketishwa mkekani kando ya masufuria ya pilau, wanaimba kwamba mateka hali mpaka akombolewe. Kila mtu wa kwetu anajua la kufanya hapo: unacheka, unatoa chochote, hata leso, unafunguliwa. Mimi, kwa kuwa suti ilikuwa inaingia mafuta, nikafoka.

"Nifungueni! Mnajua mimi ni nani?"

Kumkasirikia mtani mbele za watu! Hata watoto waliacha kutafuna. Bi Somoe akarudi nyuma polepole, na uso wake (huo ndio unaoniuma hadi leo) haukuwa wa utani tena.

Mwalimu akainuka, akaja na mkongojo wake taratibu, akavua kofia akampa Bi Somoe.

"Mtani wangu, pokea hii. Huyu mjinga ni wangu, namkomboa."

Vigelegele! Bi Somoe akaivaa kofia, akanifungua huku ananifinya sikio. Nikamwamkia upya, "Shikamoo bibi, nisamehe."

"Marahaba, mateka wangu."

Mwalimu akaniinamia. "Orodha hukuimaliza, mwanangu. Neno la mwisho?"

"Redemptor," nikanong'ona. "Mkombozi."

"Haya, kale pilau."

Siku hizi nikialikwa popote naweka leso mpya mfukoni kwa ajili ya watani, na Kilatini nakiacha nyumbani. Ila ile asante, jamani, kwa aibu nilikula nikaondoka sijaisema. Nilikwenda kulipa deni moja, nikarudi Masoko na mawili.