Siku Tulipoendesha Kama Wamarekani

Mwezi uliopita nilikwenda saluni kusuka nywele, na televisheni ya pale ukutani ilikuwa inaonyesha mbio za magari za Marekani. Si yale magari membamba kama panzi. Ni yale mazito yanayofanana na ya mtaani, yamebandikwa matangazo hadi kwenye paa, arobaini kwa mpigo, yanazunguka barabara moja kubwa tangu mwanzo hadi mwisho. "Hawa nao wanakwenda wapi?" msusi aliuliza, na wateja wakacheka. Mimi nilimwomba abadilishe chaneli. Yeye hakuniuliza sababu, lakini wewe nitakueleza.

Nimekulia Ngonga, kule Kyela, ambako msimu wa mavuno kila kitu hunuka mpunga: nguo, nywele, hata chai. Asubuhi tulipepeta, mchana tuligeuza kokoa iliyoanikwa kwenye turubai, na aliyemaliza mapema alikimbilia kwa jirani. Jirani yetu alikuwa mfanyabiashara wa kuvuka mpaka wa Songwe, mkewe mtu wa upande wa Malawi, na wao ndio wa kwanza kijijini kuwa na dishi la televisheni. Binti yao alikuwa rafiki yangu. Sote wawili tulikuwa na miaka kumi na mmoja, na hakuna mtoto aliyemweza kwa baiskeli. Baiskeli zenyewe zilikuwa za baba na kaka zetu. Tuliziendesha kwa kupitisha mguu katikati ya fremu, maana kitini hatukufika.

Jumatatu moja alasiri tulikuta marudio ya mbio hizo. Kona zake zilikuwa zimeinuliwa kama ubavu wa bakuli, na magari yalikwenda yamegusana, pua kwa mkia. "Tazameni," jirani alitwambia, "wa nyuma akimsukuma wa mbele, wote wawili wanaongeza kasi." Hajamaliza, gari moja likaguswa vibaya. Likageuka ubavu, la pili likaligonga, likapaa na kuupiga wavu mbele ya watazamaji huku likitema moto. Tairi liliruka peke yake. Yaliyofuata yakaingia kwenye moshi moja baada ya jingine, na kila lilipoingia moja tulisikia bati likipasuka. Tulipiga kelele hadi koo zikauma. Kisha dereva akatoka kupitia dirishani, akavua kofia, akapunga mkono. Tukaamini kwamba ndivyo ajali ilivyo: unagongwa, unawaka, unatoka, unapunga.

Kesho yake baada ya masomo tulikuwa baiskeli saba kwenye uwanja wa mpira wa shule. Mizunguko mitano, kugusana ruksa. Ardhi ilikuwa imekauka kama sakafu. Rafiki yangu alitangulia, mimi nikamfuata, na kwa mizunguko minne nilimsukuma kwa tairi langu la mbele, naye akacheka kwa sauti kila alipohisi msukumo. Wengine walikuwa nyuma yetu. Mzunguko wa tano akaongeza kasi, nikaona ananiacha. Tulipofika kwenye kona ya goli, nilikata usukani nikaligonga gurudumu lake kwa ubavu. Sikuteleza. Nilikusudia.

Akaenda moja kwa moja kwenye nguzo ya goli, kwa uso. Nilimwangukia, na watano waliobaki wakatuangukia. Pedali iliingia kwenye shavu la mguu wangu. Mtu alilia kwamba vidole vyake vimenaswa kwenye spoku. Vumbi lilipotulia, wenzetu waliinuka mmoja mmoja, wakipunga mikono na kucheka. Tukamngoja na yeye apunge. Taya lilikuwa limehama upande, meno yake mawili yako mchangani, damu inamtoka mdomoni na puani kwa pamoja.

Baba yake alimkimbiza hospitali kwa pikipiki. Mama yake alibaki nyumbani na watoto wengine, na ilimbidi apate wa kumwadhibu. Alimshika kaka wa rafiki yangu, aliyemwazima baiskeli.

"Gwe! Breki ulizitoa wewe?"

"Nilizitoa, mama. Zilikuwa zinakwama."

Alimchapa kwa fimbo ya mti wa mbuni mbele yetu sote, mgongoni, miguuni, popote, hadi fimbo ikakatika, akaokota nyingine. Nilihesabu hadi tisa, nikashindwa kuvumilia, nikapaza sauti:

"Mwacheni, mama. Ni mimi. Nilimgonga makusudi."

Fimbo ilimdondoka. Alinijia akanipiga kofi lililolifanya sikio langu livume siku mbili. Mama yangu akatoka jikoni na mwiko wa moto. Wanawake hawa, walioazimana chumvi tangu walipoolewa, walikamatana vitenge, wakabiringishana juu ya kokoa, wakang'atana, hadi bibi yangu alipowamwagia ndoo ya maji. Baadaye aliniambia neno moja tu: "Anayesukuma haoni mwenzake anapoangukia."

Nyumba zetu hazikusalimiana tena. Mwaka uliofuata walihamia ng'ambo ya Songwe.

Nilikutana na rafiki yangu sokoni Kyela miaka miwili iliyopita, anauza vitenge. Mdomo wake umepinda kidogo, maneno yanatokea upande mmoja. "Ugonile," alinisalimu, kama vile tuliachana jana. Nikaanza kuomba radhi, kwa maneno niliyokuwa nimeyapanga tangu utotoni. Akanikatisha.

"Nani alikuwa mbele siku ile?"

"Wewe."

"Mzunguko wa ngapi?"

"Wa mwisho."

"Basi ukiwasimulia watu, usiseme tulianguka. Sema nilikuwa nashinda."

Alikuwa anashinda, msomaji wangu.

Ule uwanja sasa umejengwa madarasa, na watoto wa Ngonga wanapanda pikipiki. Jirani, mkewe na dishi lao hawapo. Mama yangu bado analima. Zamani yeye na mama wa rafiki yangu walipanda mpunga sambamba, mmoja mstari huu, mwingine ule. Siku hizi anapanda peke yake, na akifika mwisho wa jaruba hunyoosha mgongo, hugeuka nyuma, husimama kidogo, kana kwamba anamngoja mtu amfikie.