Majani ya Mama na Chafya Zangu za Kisangani

Mwaka jana nilirudi Kisangani baada ya miaka mingi, na pua yangu ndiyo iliyofika kwanza. Nilikuwa bado ndani ya pirogi, tunavuka mto kwenda Lubunga, kikapu magotini, nikapiga chafya nne mfululizo. Mpiga kasia akacheka: "Mama, matete imekusalimia." Kweli, ulikuwa msimu wake. Ng'ambo yote ilijaa matete yenye maua kama mikia ya paka. Nilicheka naye, msomaji rafiki yangu, ingawa maua yale nusura yanitenge na mama yangu.

Sisi tulikuwa watu wa Bukavu. Papa alikuwa karani wa reli, na siku zile za Zaire mtumishi akipewa barua ya uhamisho alifunga godoro akaenda. Tulipanda lori hadi Kindu, kisha meli hadi Ubundu, kisha treni iliyopita msituni polepole kama mtu anayetafuta pesa aliyoangusha. Nilikuwa na miaka minane. Nyumba tuliyopewa ilikuwa karibu na gare, stesheni ya treni ya Lubunga, na nyuma yake kulikuwa uwanja wa majani, uliozungukwa na matete, mpaka kwenye reli.

Mwaka wa kwanza nilipenda kila kitu. Nilijifunza kutwanga ndizi za lituma, chakula cha kule, nikajifunza Lingala ya kugombana, nikawa naota ndoto kwamba siku moja nitaendesha treni mimi mwenyewe, na kilemba kichwani. Jirani yetu, bibi mmoja wa familia za Waislamu wa zamani, alichoma mikate ya mchele alfajiri, na harufu yake ilipenya ua wa matete uliotenganisha nyumba zetu. Mama naye alifua kwa namna ya kwetu: nguo hazikutundikwa, zilitandikwa juu ya majani zikauke na jua. "Nguo ya majani inalala vizuri," alisema. Kazi yangu ilikuwa kuzitandika asubuhi na kuziokota jioni.

Mwaka wa pili, mvua zilipopungua na matete kutoa maua, nikaanza kuugua. Macho yaliwasha, pua ikawa mfereji. Shuleni, wakati wa kuinua bendera, ambapo hata kuhema tulihema kwa adabu, nilipiga chafya mpaka mwalimu akageuka na kusema, "Hata bendera imeshtuka." Toka siku ile watoto wakaniita Klakisoni, yaani honi. Wakiniona tu njiani: "Pisheni, lori ya Bukavu inakuja." Mimi nilicheka nao, ila kucheka kwenyewe kuliniletea chafya.

Kwenye dispansari walinipa vidonge vya malaria, kisha vya minyoo. Hakuna kilichobadilika. Papa akasema kwa sauti yake ya ofisi:

"Bon. Hewa ya huku imemukataa. Jumamosi tonton anaenda Bukavu. Atamupeleka kwa tate yake, akae kule."

Tonton ni mjomba wangu, na tate ni nyanya, mama wa mama. Nilimpenda tate, lakini Bukavu ilikuwa mbali siku zisizohesabika, na mama angebaki huku na mimba kubwa. Usiku ule alianza kukunja nguo zangu kwenye sanduku, polepole, anazikunjua, anazikunja tena.

Basi nikaamua kupona kwa nguvu. Chafya ikija nauma mkono wa blauzi. Asubuhi, ili papa asisikie, nabana uso wangu ndani ya mto wa kulalia. Maskini mimi. Kadiri nilivyojificha ndivyo zilivyozidi.

Jumanne jioni nilikuwa naokota nguo kwenye majani, nimezikumbatia kifuani mpaka puani. Zikaja chafya saba. Bibi jirani alikuwa anachungulia juu ya ua, na alizihesabu. Akazunguka, akaja na unga wa mchele bado mikononi, akachukua foronya yangu, akaikung'uta mbele ya jua. Unga wa njano ukatoka kama moshi.

"Mama Bukavu, huyu mutoto hana ugonjwa. Munamuvalisha maua, munamulalisha juu ya maua, alafu munamupa dawa ya minyoo."

Mama alikasirika. "Kwetu tunaanika hivi tangu zamani, hakuna mutu alikufa."

"Kwenu majani iko fupi, mbuzi wanaikula. Hapa matete iko pembeni, inakupita wewe kichwa, inamwanga maua juu ya nguo. Nipe nguo zake siku tatu. Akipiga chafya, umupeleke hata Ulaya."

Alifua upya kila kitu changu, hata shuka, akakitundika kwenye kamba yake barazani, kando ya moto wa mikate. Mimi niliogeshwa nywele kila jioni kabla ya kulala. Usiku wa kwanza nilipiga chafya mbili. Wa pili, moja. Alfajiri ya Ijumaa papa alisimama mlangoni kwangu muda mrefu, na mimi, macho yamefumbwa, nilimsikia akingoja. Chafya haikuja. Bibi naye alikuwa anasikiliza upande wake, maana sauti yake ilipita kwenye ua: "Papa, umesikia nini?"

"Sijasikia kitu, mama."

"Donc, basi, kakunjue nguo za sanduku."

Mama ndiye aliyezikunjua. Alilia kidogo, kisha akamwomba papa kamba ya kutundikia nguo.

Jumamosi tulimsindikiza tonton hadi gare, na samaki wa kukaushwa wa kumpelekea tate. Treni ilipoondoka ilitikisa matete kando ya reli, nikapiga chafya moja kubwa. Papa alinitazama, akatazama treni inayokwenda. "Hii moja tunaisamehe," akasema, na mama akanibana mkono.

Chafya zimebaki kuwa zangu, kila msimu, na nimezizoea kama jina. Papa na mama wamelala kaburini, treni ya Ubundu sasa hupita siku inayotaka yenyewe, na bibi hayupo. Kwenye kiwanja chake, pale palipokuwa na ua wa matete, nilikuta ukuta wa matofali, mrefu na mzuri. Nilibisha, nikasalimiana na wenye nyumba, watu wema, wakanipa maji. Niliwauliza kama jirani zao wana watoto. Wakatazamana. Mume akasema anadhani wanao, ila kwa ukuta ule hata chafya haisikiki.