Habari za Opera kwa Sauti ya Pili

Mimi opera siipendi, niseme mapema. Mtu kachomwa kisu, badala ya kufa anaimba robo saa! Lakini shangazi yangu ni mshonaji wa mavazi kwenye jumba la opera, namsaidia kazi, basi kusikiliza ni lazima.

Chumba chetu kiko chini ya jukwaa. Mazoezi yakianza, nyimbo humshukia shangazi kupitia mbao za dari, naye huacha cherehani, akafumba macho, akaenda zake kimawazo. Ukimwita wakati huo unajisumbua bure. Akirudi huchukua simu na kumrekodia rafiki yake wa tangu usichana, aliyeolewa nchi ya mbali. Waliimba kwaya bega kwa bega, na mpaka leo anamwita Sauti ya Pili. Kwanza humsomea ubeti aliotunga mwenyewe, kisha habari: nani kapanda juu sauti ikakwama, nani kaimba mpaka fundi wa taa akasahau taa. Mwisho huinua simu darini, mwenzake naye asikie.

"Mwenzangu, sina mwingine wa kumwambia haya," humwambia. Na kweli hakuwa naye.

Majibu yalikuja kwa maandishi: "Tamu mno! Nimelia."

Siku moja shangazi alibonyeza kurekodi, akasahau, akashona pindo la joho zima. Ujumbe ukaenda hivyo hivyo: cherehani tupu, na yeye akipiga chafya. Alipogundua alicheka mpaka akashika mbavu. Jibu likaingia: "Sauti gani hiyo! Nimelia."

Kicheko kikamkatika.

"Hasikilizi," akasema. "Kumbe siku zote naongea na ukuta?"

Akasusa. Simu akaitupa kwenye kapu la vitambaa, akawa anashona kwa hasira na kunifokea mimi nisiye na kosa. Jamani! Nikamwambia, "Shangazi, si umuulize tu?"

Akauliza, safari hii kwa maandishi. Jibu lilichelewa.

"Masikio yamekufa, mwenzangu. Yalianza kufifia zamani, sasa hamna kitu. Ujumbe wako nikiufungua naiweka simu kifuani, inatetemeka kidogo. Niliogopa nikikuambia utaacha kuniletea."

Shangazi alilia kwa kwikwi, bila kujificha. Hata mimi roho iliniuma. Alipoingia mwimbaji mkuu kujaribu gauni, shangazi alimshika mbavu kwa viganja viwili, akafumba macho.

"Imba, mwanangu. Na wewe, andika ninavyosema."

Maneno yakaanza kumtoka polepole, nusu shairi, nusu ndoto. "Andika: anavuta pumzi. Mbavu zinafunguka taratibu, kama mlango wa chumba cha mtoto aliyelala. Sasa anapanda. Anapanda. Bado anapanda, mwenzangu, viganja vyangu vimejaa."

Niliandika na kutuma, mstari kwa mstari, mpaka mwimbaji akanyamaza na shangazi akafumbua macho. Nikaandika: "Basi, amemaliza."

Simu ikalia papo hapo, jibu limeingia.

"Msishuke kwanza. Mimi bado niko huko juu."