Mwayo wa Mzee Projest

Hapa Nyakasimbi, ukitaka kuoa unamtafuta Mzee Projest akusemee ukweni. Ana mdomo, na anajua kwamba anao. Anatory mwenye kigugumizi amekuwa akiigizwa naye miaka yote, mbele ya watoto wa Anatory mwenyewe. Lakini silaha kubwa ya Projest ni mwayo. Wakwe wakitaja ng'ombe, anapanua kinywa mpaka koromeo unaliona. Wakwe wanaona haya, wanapunguza.

Juzi tulimsindikiza Elick kumposa Joyness, kule Bugomora. Tukaletewa kikapu cha kahawa ya kutafuna. Mgeni huchukua punje mbili tatu. Projest alijaza kiganja. Baba wa Joyness, Mzee Cleophace, alipotaja ng'ombe, Projest akapiga mwayo wake. Tukasikia tk. Kinywa kikabaki wazi.

"Mnasemaje, wageni?"

"Aaa," akajibu Projest.

Upande wa mume husemewa na mtu mmoja tu. Mwingine akidakia, posa inarudishwa. Basi tukanyamaza, mate yakimchuruzika Projest kwenye koti la kuazima. Elick alilowa jasho.

"Nauliza tena. Kama ni dharau, mlango ule pale."

"Aaa!"

Shangazi wa Joyness, Salvina, ni tabibu wa meno. Alimpapasa Projest mbele ya masikio.

"Kaka, si dharau. Taya limeteguka. Hapa mbele ya sikio pana kishimo, kichwa cha mfupa wa taya hukaa humo. Ukiachama kupita kiasi kinaruka kilima kilichopo mbele yake, misuli ya kutafuna inakaza, basi, hakirudi."

"Kirudishe, tujibiwe."

"Ngoja kwanza. Mzee Projest, nikikirudisha utasema maneno mangapi?"

Akanyoosha vidole vitano.

"Mengi hayo."

Akakunja viwili. Wanawake wa jikoni walicheka mpaka masufuria yakaanguka.

Salvina akajifunga kitambaa kwenye vidole gumba, akaviweka juu ya magego ya chini, akakandamiza chini, akasukuma nyuma. Tk.

"Tunamwomba Joyness. Tafadhali," akasema Projest.

Joyness tumepewa. Ng'ombe hawakupungua hata mkia, maana mwayo ulipigwa marufuku.

Sasa Projest yuko kwake, kitambaa kimefungwa kidevuni hadi utosini, haruhusiwi kuongea wiki nzima. Wa kwanza kuja kumjulia hali alikuwa Anatory. Alivuta kigoda, akakaa tangu asubuhi mpaka ndizi za mchana zikaiva jikoni, akamsimulia habari zote za kijiji. Taratibu.